Sanduku Likitoka Limelowa

Wadogo zangu wa moins deux, mmeniomba mara tatu niandike, na mara tatu nimewajibu kwamba mtu aliyestaafu ana kazi nyingi. Si kweli. Tangu niache kazi nimepanga upya kabati la jikoni mara mbili, na Papa Jules, mume wangu, ameanza kutafuta sababu za kutoka nyumbani. Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mnakisema, kila mmoja na cha kwao, na mwenzenu wa Morogoro amekubali kuninyoosha pale Kiswahili changu cha Likasi kinapopinda. Pale watu wanapoongea nimemkataza asiguse.

Kwa atakayesoma bila kutujua: moins deux ni ghorofa ya pili chini ya ardhi, katika hospitali moja kubwa ya Brussels. Vyombo vyote vya upasuaji huteremshwa huko vikiwa na damu. Tunaviosha, tunavikagua, tunavipanga ndani ya masanduku, tunavifunga kwa karatasi ya bluu, tunavipika kwa mvuke, halafu vinapanda tena kwa lifti. Hakuna dirisha. Hakuna mgonjwa anayejua kwamba tupo. Madaktari wanajua, siku kitu kikikosekana.

Nilianza mwaka 2001. Kwetu Likasi, kusini mwa Congo, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Brussels nilikuwa nimesafisha ofisi za watu kwa miaka sita. Asubuhi ya kwanza nilivaa viatu vyangu vizuri, nikiamini kwamba kazi ya hospitali ni kazi ya viatu vizuri. Nikapewa buti za mpira, kofia ya karatasi inayobana masikio, na Madame Odette.

Madame Odette alikuwa mzaliwa wa Brussels, mfupi, miwani ikining'inia shingoni kwa mnyororo, na alikuwa ameishi chini ya taa zile muda mrefu hadi uso wake ukawa mweupe kama shuka. Aliniwekea chombo mezani.

"Hiki ni nini?"

"Mkasi, Madame."

"Mkasi wa nini?"

Nikaugeuza upande wa pili.

"Huu ni wa kukata uzi. Huyu ndugu yake hapa ni wa kukata nyama. Ukimpandishia daktari mkasi wa uzi badala ya wa nyama atakutukana, na mimi nitamwambia aendelee."

Siku hiyo nilihesabu aina ishirini na mbili za mikasi, halafu nikaacha kuhesabu. Nilifanya nililolijua: nilinunua daftari la shule, na kila jioni, kwenye meza yetu ya jikoni karibu na Chaussée d'Ixelles, nikachora. Chombo kimoja kwa ukurasa, jina lake chini, na alama nyekundu mahali damu inapojificha. Odette alipoliona daftari hakulisifu. Alichukua kalamu yake akaongeza alama nyekundu mbili ambazo sikuwa nimeziona.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hii. Nikimaliza kupanga sanduku, alikuja, akalimwaga lote mezani bila neno, akaenda kunywa kahawa. Maana yake kulikuwa na kosa. Akirudi akakuta nimeligundua, alikuwa na kikombe cha pili mkononi, changu. Akikuta sijaligundua, alikunywa vyote viwili mbele yangu. Miezi mitatu ya kwanza nililala vizuri sana kwa kukosa kahawa.

Alinifundisha kubana koleo kwenye jino la kwanza la kufuli yake na kuligonga kidogo kwenye kiganja. Likifunguka lenyewe, siku moja litafunguka kwenye mshipa wa mtu. Alinifundisha kuhesabu skrubu. Mwaka wangu wa tatu skrubu moja ya kifaa cha kupanulia kidonda ilikosekana. Juu walisema haikuwahi kuwepo. Mimi nilikuwa nimeichora. Mgonjwa akarudishwa kupigwa picha na tumbo lake likakutwa safi, nasi tukafungua chujio za mashine ya kuoshea moja baada ya nyingine hadi tukaipata, ndogo kama punje ya mtama. Siku hiyo Odette alileta kahawa bila kumwaga kitu.

Alistaafu mwaka 2007. Mwaka ule ule masanduku yalianza kutoka yamelowa.

Nieleze kwa nini hilo ni jambo kubwa. Sanduku linapotoka kwenye mashine ya mvuke linatakiwa kuwa kavu kama mkate uliookwa. Karatasi yake ikiwa na maji, vijidudu vinapita ndani, na kazi yote ya kupika inakuwa bure. Sanduku lililolowa halipandi. Daktari anasubiri, au mgonjwa anarudishwa kitandani na njaa yake. Na masanduku yetu yalikuwa yanalowa si kila siku: leo mawili, kesho hakuna, keshokutwa matano. Tulilaumiana. Wa asubuhi waliwalaumu wa mchana kwamba wanajaza mashine kupita kiasi, wa mchana waliwalaumu wa asubuhi kwamba wanakata muda wa kukausha. Watu waliokula pamoja miaka kumi wakaacha kusalimiana.

Mimi nilikuwa nahisi kitu. Baba yangu alikuwa mtu wa boila, kwenye kiwanda kule Likasi, nami tangu utoto nilikulia karibu na mabomba ya mvuke. Yale ya moins deux yalikuwa yameanza kugonga, go-go-go, kama mtu anapiga kwa nyundo ndogo ndani ya ukuta. Baba alikuwa akisema mvuke ukigonga kuna maji ndani ya bomba. Nilimwendea Luc, mkuu wa mafundi wa hospitali, nikamwambia.

"Madame Béatrice," alinijibu kwa upole, "jengo hili ni la zamani. Linaongea."

Nikarudi mezani kwangu. Nilikuwa mtu wa kufunga masanduku, na yeye alikuwa na diploma ukutani. Leo ningefanya vingine, lakini leo nimestaafu.

Kipindi hicho ndipo nilipokutana na Maman Furaha. Jina la mtoto nimelibadilisha. Nilikuwa nangoja lifti ghorofa ya chini nikasikia mtu anaongea kwenye simu Kiswahili cha Kivu, sauti chini, analia huku anaongea kama mtu asiyetaka kumsumbua yeyote.

"Bamemurudisha tena. Banasema vyombo haviko tayari. Mutoto hajakula tangu jana."

Alipokata simu nilimsalimia. Alikuwa wa Bukavu, alikuja kama mkimbizi, sasa anawahudumia wazee majumbani, anakaa Molenbeek. Binti yake wa miaka kumi na minne alikuwa na uti wa mgongo uliopinda kama herufi S, na kila mwezi ulikuwa unapinda zaidi. Alikuwa ameanza kuhema akipanda ngazi za metro. Upasuaji ulikuwa umeahirishwa mara ya pili. Masanduku ya uti wa mgongo ni mazito kuliko yote, yamejaa chuma, na ndiyo yaliyokuwa yanalowa kwanza.

"Na weye, maman, unatumika hapa?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Ku service gani?"

Nilimwambia ukweli. Alinitazama, hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mfamasia wetu, Madame Hendrickx, ndiye aliyekuwa bosi wa idara, mwanamke mrefu asiyependa mikutano. Alikuwa na rafiki wa masomo anayefanya kazi Amerika, katika mji unaojulikana duniani kwa hospitali yake. Akaandika barua, wakamjibu njooni mwone. Watu watatu walikubaliwa: yeye, muuguzi mkuu wa vyumba vya upasuaji, na nafasi ya tatu ambayo kila mkuu wa ofisi aliitamani. Madame Hendrickx alisema ya tatu ni ya mtu anayeshika masanduku kwa mikono. Ndivyo mimi, ambaye sikuwa na neno moja la Kiingereza zaidi ya sorry, nilivyopanda ndege kwenda kuangalia masanduku ya Wamarekani.

Jina la mji sitalitaja. Wenyewe wanauita mji, na wana haki, lakini mtu wa Lubumbashi angezunguka katikati yake yote kabla kahawa haijapoa. Kutoka angani uliona mashamba ya mahindi yaliyovunwa, mraba kwa mraba hadi upeo wa macho, halafu ghafla minara, imesongamana kama watu wanaoota moto. Nikadhani ni mabenki. Minara yote ilikuwa hospitali, na isiyokuwa hospitali ilikuwa hoteli za wagonjwa. Dereva wa teksi alimuuliza Madame Hendrickx swali moja tu: tumekuja kutibiwa au kutibu?

Hotelini, pale ambapo hoteli nyingine hukuazimisha pasi na taulo, hawa walikuwa na viti vya magurudumu mlangoni na mifuko ya barafu. Asubuhi nilikunywa chai karibu na mzee aliyekuwa na mrija puani; alikuwa anapaka siagi kwenye mkate taratibu, na hakuna aliyemkodolea macho. Meza ya pili kulikuwa na familia nzima imeinamia karatasi ya miadi kama wanafunzi kabla ya mtihani. Njia za kupita, zenye paa na joto, zilitoka hoteli hadi hospitali, ili mgonjwa asitembee kwenye baridi. Njiani kulikuwa na duka la wigi na vilemba, duka la fimbo za kutembelea, na katikati yake duka la maandazi, lenye foleni ndefu kuliko yote. Dereva wa basi aliliinamisha basi hadi usawa wa njia kabla mtu hajamwomba. Muuza duka alikungoja utafute maneno yako, hata kama ni dakika nzima. Mji mzima ulikuwa umejifunza mwendo wa mtu anayeumwa, na unatembea naye.

Jumapili tulikwenda kanisani. Mchungaji aliomba wenye miadi kesho wasimame tuwaombee. Nilitazama nyuma. Nusu ya kanisa ilikuwa imesimama, na waliobaki wamekaa, nikaja kuambiwa, ndio waliokuwa watawapokea kesho hiyo wakiwa na koti jeupe au ndoo ya kusafishia.

Niseme na ubaya wake, msidhani nililewa. Kahawa yao ni maji yaliyopita karibu na kahawa. Siku ya pili nilitoka kutafuta uwanja kama Flagey yetu ya Brussels, mahali pa watu kukaa nje na kubishania bei ya nyanya. Nilitembea nusu saa nikapata maegesho ya magari. Watu wa mji ule hawana mahali pa kusimama bila sababu. Kama huumwi na humtibu anayeumwa, sijui ungefanya nini pale.

Idara yao ya vyombo nayo ilikuwa chini ya ardhi. Nilipoingia nilinusa mvuke na karatasi ya moto, nikajua niko nyumbani. Mkuu wao alitupokea, akatutaja mmoja mmoja na alikotoka, akaanza maelezo, Madame Hendrickx akaanza kunitafsiria, na mwanamke mmoja mwenye kofia ya karatasi, aliyekuwa akipanga koleo, akainua kichwa.

"Huyu mama ametoka Congo? Basi tuongee Kiswahili, huyu mwingine apumzike."

Nusura niangushe mkoba wangu. Aliitwa Wambui, mtu wa Nakuru, miaka kumi na sita katika mji ule.

"Maman, unasema Kiswahili?" nikamwambia. "Miye tangu siku tatu kinywa inanikauka."

Aliniachia niongee dakika mbili, kisha akainamisha kichwa. "Lakini hicho ni Kiswahili gani?"

"Ya Likasi."

"Iko na French mingi sana."

"Na yako iko na Kingereza mingi."

Tukakubaliana hapo, na kwa siku nane sikumwachia.

Nilimweleza shida yetu. Hakuuliza kuhusu mashine. Aliuliza, "Zinalowa kila siku ama siku zingine?"

"Siku zingine."

"Basi si watu. Watu wakikosea hukosea kila siku, nawajua. Mmeandika ni siku gani?"

Hatukuwa tumeandika. Tulikuwa tumegombana mwaka mzima na hatukuwa tumeandika. Wambui alinifungulia daftari lao: kila mzigo ulioingia kwenye mashine, saa yake, uzito wa kila sanduku, nani alifungua mlango, alikuta nini. Alinionyesha mizani mezani. Sanduku likizidi uzito linagawanywa mawili, daktari apende asipende. Alinionyesha jinsi wanavyoliacha toroli lipoe bila kuguswa na mkono wa mtu, kwa sababu sanduku la moto ukiliweka juu ya meza baridi linatoka jasho. Haya yote niliyaandika na kuyachora.

Lakini nililolifuata huko bila kujua nililiona siku ya tano. Wambui alifungua mlango wa mashine, akainama, akatazama sanduku la chini kabisa. Simu ikalia. Nilielewa kwamba ni daktari na anangoja. Wambui alimsikiliza hadi mwisho, akajibu maneno manne au matano, akaweka simu.

"Umemuambia nini?"

"Nimemwambia hii haitoki. Iko na maji."

"Na yeye?"

"Amesema sawa."

"Na kama angekasirika?"

"Akasirike," alisema, huku akivua glavu. "Mimi ndiye nimefungua mlango. Mimi ndiye nimeona maji. Yeye hajaona."

Akanielekeza kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya mashine. Ilikuwa na mstari mmoja, akanitafsiria. Aliyefungua mlango ndiye anayeamua, na sanduku alilolikataa hakuna anayeweza kulipandisha, hata mkurugenzi. Nilisimama mbele ya karatasi ile kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Siku ya kuondoka Wambui aliomba daftari langu la michoro. Walikuwa wanapokea wafanyakazi wapya wasiojua Kiingereza, kutoka nchi nyingi, na vitabu vyao vilikuwa maneno matupu. Akapiga kopi kurasa zote, na alama nyekundu za Odette ndani yake. Baadaye alinitumia picha: michoro yangu imewekwa kwenye fremu, imepangwa ukutani juu ya meza zao. Mwalimu wa Likasi ameshikilia ukuta mzima Amerika. Picha hiyo Papa Jules anawaonyesha hata wageni waliokuja kwa jambo lingine.

Tuliporudi Brussels, Madame Hendrickx alinipa daftari jipya na mamlaka ya kumuuliza kila mtu alichokikuta. Wiki mbili za kwanza walinichukia pamoja, wa asubuhi na wa mchana, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwao kukubaliana. Tulipima masanduku, tukayagawanya yaliyozidi, tukaacha toroli zipoe. Yaliyolowa yakapungua. Hayakwisha. Baada ya wiki sita nilikaa na daftari na kalamu nyekundu, nikaona. Yote yaliyolowa yalikuwa ya Jumanne na Alhamisi, mapema asubuhi. Na Jumanne na Alhamisi mapema asubuhi ndipo idara ya kufulia ya hospitali inapowasha mashine zake kubwa, kwenye bomba lile lile la mvuke. Na ndizo saa za go-go-go.

Nilimpelekea Luc daftari. Alilisoma lote, safari hii hakusema jengo linaongea. Akasema ataweka kwenye mpango wa matengenezo, wakati wa kiangazi. Tulikuwa mwezi wa pili.

Tarehe ya tatu ya upasuaji wa Furaha ilipangwa Jumanne.

Vyuma vya kumwekea mgongoni vilikuwa vya kuazima na vilitufikia Jumatatu jioni, kwa hiyo vilikuwa lazima vipikwe asubuhi ile ile. Nilikuja mwenyewe mapema. Niliyagawanya masanduku, nikayapima, nikayapanga kwa nafasi. Mabomba yalianza kugonga mashine ikiwa katikati ya kazi. Nilifungua mlango. Sanduku la kwanza kavu. La pili kavu. La tatu lilikuwa na tone kwenye kona ya karatasi, na nilipoliinua nikasikia maji yanatembea ndani.

Karatasi ya Wambui sikuwa nayo ukutani kwetu. Nilikuwa nayo kichwani. Nilichukua simu, nikapiga juu, nikasema masanduku ya uti wa mgongo hayapandi.

Profesa Hermans, daktari mpasuaji, hakuwahi kushuka moins deux. Asubuhi hiyo alishuka, na nguo zake za kijani.

"Nani amezuia?"

"Mimi, Profesa."

"Mtoto tayari yuko kwenye kitanda cha kusukuma. Hii ni mara ya tatu. Unajua mama yake nitamwambia nini?"

"Ninamjua mama yake."

"Nionyeshe."

Nilimwonyesha tone. Akasema ni tone moja. Wenzangu wote walikuwa wameacha kazi, wamesimama na glavu zao hewani. Madame Hendrickx alikuwa ameingia nyuma yake. Alikuja akasimama upande wangu wa meza. Profesa akalichukua sanduku mwenyewe, akaichana karatasi yake, akaliinamisha kwenye mwanga apate kuona vizuri. Maji yakamwagikia viatu vyake.

Alitazama viatu. Halafu akatazama ukuta, kwa sababu bomba lilikuwa bado linagonga.

"Hiyo ni nini?"

"Hayo ndiyo maji," nilimwambia. "Nilishaandika."

Akasoma daftari akiwa amesimama pale pale. Kisha akachukua simu yangu akampigia Luc, na mazungumzo yalikuwa mafupi, na neno kiangazi halikutumika.

Nilipanda mwenyewe kumwona Maman Furaha. Nilikuta Furaha ameketi kitandani na kanzu ya hospitali, mama amemshika mkono. Alipoona sura yangu alijua.

"Tena?"

"Tena, maman. Lakini leo si vyombo bimekosa. Ni miye nimekatala."

Mama alimfunika binti yake miguu kwa shuka.

"Uniambie ukweli," alisema. "Kama ingekuwa mutoto wako?"

"Ni juu ya ile nimekatala."

Furaha akauliza kama basi anaweza kula. Tukamtafutia mkate na jamu, akala vipande vinne, mama yake akimwangalia.

Luc alifungua bomba kabla ya adhuhuri. Kuna kidude kidogo cha chuma kwenye bomba la mvuke, wao wanakiita purgeur, kazi yake ni kutoa maji yanayojikusanya. Chetu kilikuwa kimejifunga kwa kutu. Alipokilegeza, maji yalitoka kama bombani, ndoo moja, ndoo ya pili. Alifunga kipya, akajaribu mvuke, akaweka sikio ukutani kama daktari. Kimya. Luc ni mtu muungwana: alivua kofia yake, mbele ya wote, akasema, "Madame Béatrice, jengo lilikuwa linaongea kweli. Nilikosa kusikiliza." Nikamjibu baba yangu angempa kazi.

Tulipika masanduku upya mara mbili kwa majaribio. Makavu. Asubuhi ya Jumatano, mashine za kufulia zikiwa zimewashwa makusudi kwa amri ya Luc, niliyapika ya Furaha. Nilifungua mlango, nikainama, nikapitisha macho kila kona. Makavu yote. Niliandika jina langu.

Yalipanda. Upasuaji ulichukua saa saba. Mchana, simu ya moins deux ililia, tukatazamana. Alikuwa Profesa mwenyewe. Alisema maneno mawili, "Amenyooka, Madame," akakata. Wa asubuhi na wa mchana walikumbatiana wakiwa na aproni za mpira, jambo ambalo siwashauri, zinanata.

Siku ya sita niliitwa juu. Furaha alikuwa amesimama kwenye korido, wauguzi wawili pembeni, anapiga hatua fupi kama mtu anayetembea juu ya kioo. Maman Furaha alikuwa mbele yake, amenyoosha mikono. Alipofika, wakasimama uso kwa uso, na mama akacheka ghafla. Ilibidi ainue kichwa kumwangalia. Binti aliyelala kitandani akiwa mfupi kuliko mama yake alikuwa amenyooshwa akamzidi.

"Ona huyu," mama aliniambia, machozi yanashuka na meno yote yako nje. "Atanivalia nini sasa? Nguo zote zitakuwa fupi kwake."

Mstari wa Wambui ulibandikwa moins deux mwezi huo, kwa Kifaransa na Kiholanzi. Wengine mliouzoea mnadhani ulikuja na jengo.

Nilibaki miaka mingine kumi, na ilikuwa mizuri. Masanduku mazito, wapya wasiojua mkasi, mashine mbili zilizozeeka nikazisindikiza. Wiki yangu ya mwisho walinitengenezea keki huko juu. Nilikuwa nataka kumaliza mzigo mmoja haraka ili nisiikute imekwisha. Aliyekuwa mlangoni mwa mashine alikuwa Espérance, wa Goma, miezi mitatu tu kazini, sauti yake bado ndogo.

"Maman Béa, hii haipande."

Nilitazama. "Ni tone kidogo, Espérance. Iko ku kona. Itakauka njiani."

Alisimama mbele ya toroli. Wenzake walikuwa wanatuangalia.

"Ni miye nimefungua," alisema.

Nilikasirika kwa muda wa kuvua glavu ya kwanza. Nilipovua ya pili nilikuwa nimeshashika kalamu, nikaandika kwenye daftari sanduku limekataliwa, na jina la aliyekataa, kwa herufi kubwa, nikahakikisha nimeliandika sawasawa. Halafu nilipanda kwa lifti, nimechelewa robo saa, nikala vipande viwili vya keki.